Mama hajui kuogelea na loki zinatutisha: tukodi boti ya mfereji mwisho wa Agosti au tuache?

*Swali: Habari za kazi kaka. Tunaishi Coventry, mimi na mume wangu na watoto wawili, mdogo wa miaka 6 na binti wa 11. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa nane, ana miaka 66, magoti yanamsumbua na hajui kuogelea japo kakulia pwani. Tulipanga wiki ya mwisho ya Agosti tukodi zile boti ndefu nyembamba tuzunguke ule mzunguko wa mifereji wa Four Counties. Sasa mume wangu kaona video ya boti imeinama ndani ya loki, kile chumba cha kupandishia na kushushia boti, ikazama dakika chache tu, na jirani katuambia 2025 mifereji ilipungua maji ikafungwa, eti tutapoteza hela. Leseni ya boti hatuna, hata mtumbwi hatujawahi kuendesha. Tughairi? Na mama anauliza samaki wa humo wanalika?*

Dada yangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Nimefundisha watu kuendesha hizi boti, naroboti kama wanavyoziita wenyewe, kwenye mifereji ya Midlands kwa miaka kadhaa sasa, na wasiwasi wako nauelewa vizuri kwa sababu nusu yake ni wa kweli kabisa. Nusu nyingine ni maneno ya watu. Safari msighairi, ila njia mliyochagua ghairini leo hii, na nitakwambia kwa nini.

Tuanze na leseni maana hiyo ni nyepesi. Kukodi boti ya mapumziko kwenye mifereji ya Uingereza hakuhitaji leseni ya udereva wala cheti chochote, leseni ya boti yenyewe iko juu ya kampuni. Siku ya kwanza mtu wao anawaelekeza, anawaonyesha injini, tenki la maji, choo, gesi, kamba, alafu anasogea na nyinyi kidogo majini. Sasa hapo ndo familia nyingi zinakosea, baba anasimama kusikiliza na mama yuko ndani anapanga vyakula kwenye friji. Usifanye hivyo. Sikilizeni wote wawili na huyo wa miaka 11 pia, na kitu msichokielewa muombe kirudiwe hata mara tatu, yule mtu yupo pale kwa kazi hiyo.

Kuendesha kwenyewe mama ataelewa haraka kuliko nyinyi kama amewahi kupanda ngalawa au jahazi, maana ni kana ileile, mti wa kushika usukani, uko tezi, yaani nyuma, ukiisukuma kulia boti inaenda kushoto. Tofauti ni kwamba una futi 57 au 60 za chuma mbele yako, tani kumi na kitu, na boti inageukia katikati, kwa hiyo omo, yaani mbele, ikienda kushoto tezi inafagia kulia. Breki hamna, kusimama ni kuweka gia ya nyuma na kusubiri. Nusu saa ya kwanza mtakuwa mnaenda kama nyoka, ukingo huu mpaka ule, kila mtu anapitia hapo, msione aibu. Mkikutana na boti nyingine mnakaa kulia. Spidi ya juu kabisa inayoruhusiwa ni maili 4 kwa saa na mkifika penye boti zilizofungwa ukingoni mnapunguza zaidi, mpunguze kabla hamjazifikia, sio mkiwa katikati yake, kwa sababu maji mnayoyasukuma yanavuta kamba zao na kung'oa vigingi.

Kuhusu kuzama. Mfereji wa kawaida hapa una kina cha mita moja hivi, kitu cha kwanza cha mtu mzima kufanya akianguka ni kusimama wima, na nimeona kwa macho mtu anapiga kelele na kurusha mikono, akaambiwa "simama!", akasimama, maji yako kiunoni. Ila sikwambii hivyo ili mjisahau. Mtoto wa miaka 6 hafiki hapo, maji ni ya baridi hata Agosti, chini kuna tope na vyuma vya kila aina, na ndani ya loki ni kina kirefu haswa. Kwa hiyo laifujaketi za mama na za watoto ziagizwe siku mnayolipia, mseme na vipimo vyao, na mtoto mdogo asitoke nje bila kuvaa. Mtu akianguka, anayeendesha aweke gia huru papo hapo kabla ya kitu kingine chochote, maana hatari kubwa pale nyuma ni pangaboi linalosukuma boti. Baada ya hapo mrushieni kamba au boya. Msiruke majini kumfuata.

Sasa loki, ambayo ndo inamnyima shemeji usingizi.

Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango pande zote mbili, upande wa maji ya juu na upande wa maji ya chini. Unaingia na boti, unafunga milango nyuma yako, alafu unafungua vilango vidogo vilivyo chini ya maji, vinazungushwa kwa hendeli ya chuma unayotembea nayo mkononi. Ukitaka kupanda unaruhusu maji ya juu yaingie chumbani, ukitaka kushuka unayaachia yatoke. Hakuna pampu wala umeme, ni maji kutafuta usawa wake tu. Na milango mikubwa inabanwa na maji yenyewe, utaweka mgongo kwenye boriti, utasukuma na miguu mpaka jasho likutoke, mlango haujibu kitu. Subiri. Maji ya pande mbili yakilingana unauona unalegea wenyewe, inatokea ufa mdogo, kamstari kamoja ka mwanga pale milango inapokutana, na hapo hata binti wa miaka 11 anausukuma. Asiyejua hilo ndo anayeumia mgongo bure.

Ile video karibu kila mara ni kitu kimoja, kizingiti. Mlango wa juu wa loki umekaa juu ya kizingiti cha jiwe au zege kinachoingia ndani ya chumba. Loki ikijaa hukioni, kiko chini ya maji. Boti inashuka, maji yanatoka, na kama tezi imebaki nyuma sana inakalia kizingiti huku omo inaendelea kushuka. Dakika moja boti inaanza kuinama, dakika ya pili vyombo vinamwagika kabatini, inayofuata maji yanaingia mbele kwenye milango. Ni kweli inaua boti na imewahi kuua watu, simdanganyi shemeji.

Lakini kinga yake ni rahisi. Pembeni ya loki kuna mstari mweupe uliochorwa kuonyesha kizingiti kinaishia wapi. Mnaposhuka, tezi yote iwe mbele ya mstari ule, usukani na pangaboi vikiwemo, na ibaki hivyo mpaka mwisho, maana maji yakitoka boti inapenda kuserereka mbele na nyuma. Boti isifungwe kamba kwa kukazwa, itaning'inia. Mtu wa kwenye kana asishike simu, asipige picha, asiongee na wapita njia. Na yule mwenye hendeli asitoke pale kwenye vilango, amtazame wa kwenye boti muda wote. Ikionekana boti imekwama, anafunga vilango vya chini mara moja ili maji yaache kutoka, alafu anafungua vya juu taratibu, maji yanarudi na boti inaelea. Familia yenu ikubaliane neno moja tu la kupiga kelele, mfano "FUNGA!", na kila mtu ajue maana yake. Mkipanda kizingiti hakiwahusu, ila fungueni vilango polepole, maji yakiingia kwa nguvu boti inatupwa huku na huku na omo inaweza kujishikiza chini ya mlango. Watoto wakati wa loki ama wako ndani wamekaa, ama wako nchi kavu wameshikwa mkono. Kuruka kutoka boti kwenda ukingoni ni marufuku kwa wote, wengi niliowaona wakiumia waliumia hivyo.

Jirani yenu naye hajasema uongo. Kiangazi cha 2025 kilikuwa kikavu kweli, sehemu kubwa ya mfereji wa Leeds na Liverpool ilifungwa na mingine kadhaa ikawekewa masharti. Sababu ni hii. Mfereji ukivuka mlima unapanda kwa loki upande mmoja na kushuka kwa loki upande wa pili, na kila boti inayovuka inachukua maji ya kileleni na kuyapeleka chini pande zote mbili. Loki moja nyembamba inameza lita laki moja hivi, zile pana ni mara mbili. Maji ya kileleni yanatoka kwenye mabwawa yaliyojaa wakati wa baridi, kwa hiyo mwisho wa Agosti ndo mabwawa yako chini kabisa, na boti za likizo ndo nyingi kabisa. Ongeza na uvujaji, maana mifereji hii mingi ni ya miaka zaidi ya 200, chini imesakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji kama wa kufinyangia vyungu, ufundi ambao injinia James Brindley aliusimamia sana hapa Midlands mpaka alipofariki 1772. Udongo ule ukibaki na maji unashika, ukikauka unapasuka. Kwa hiyo Canal & River Trust, hawa wanaotunza mifereji tangu 2012, maji yakipungua sana wanafunga loki mapema kuliko kuacha mfereji ukauke kabisa.

Turudi kwenye mpango wenu. Four Counties ni maili 110 na loki 94. Hesabu yetu ya zamani, jumlisha maili na loki, gawa kwa 3, unapata masaa. Hapo ni masaa 68. Kwa siku saba ni kama masaa kumi kila siku, watu wawili mnazungusha hendeli, mtoto amechoka, mama yuko peke yake ndani. Na mzunguko ukifungwa sehemu moja tu, umevunjika wote. Wapo wanaoufanya kwa wiki na wakafurahi, vijana wanne wenye nguvu zao. Kwenu itakuwa adhabu.

Mimi ningewapeleka mfereji wa Ashby, na bahati nzuri iko mlangoni kwenu. Unaanza karibu na Bedworth, maili 22 mpaka Snarestone, na njiani hamna loki hata moja. Zamani ulikuwa mrefu zaidi, ila ardhi ya huko juu ilititia kwa sababu ya migodi ya makaa ya mawe na kipande hicho kikafungwa. Ni mfereji wa mashamba, ng'ombe wanakuja kunywa maji ukingoni, mwisho wa Agosti vichaka vimejaa matunda meusi ya miiba ambayo watoto watachuma mpaka vidole viwe vya zambarau. Kwenda na kurudi kwa hesabu ile ni masaa 15, ila sehemu nyingi maji ni haba na boti inakwenda kwa kujivuta, weka 20. Ukilazimisha spidi kwenye maji haba boti inadidimia nyuma, inavuta tope, na haiendi popote zaidi ya ilivyokuwa inaenda. Hapo njiani mnasimama Sutton Cheney, mnatembea mpaka uwanja wa vita vya Bosworth alipouawa mfalme Richard wa Tatu, Agosti 1485, yule ambaye mifupa yake ilikutwa chini ya maegesho ya magari Leicester 2012. Binti wa miaka 11 hiyo hataisahau.

Mkimaliza Ashby na siku zimebaki, mnarudi Hawkesbury hapo Coventry. Pale kuna loki ndogo inayotenganisha mifereji miwili, tofauti ya maji ni kama shubiri moja tu, iliwekwa kwa sababu kampuni mbili za enzi hizo kila moja ilikuwa inalinda maji yake. Kwa kujifunzia hakuna nzuri kama hiyo, mnafanya kila kitu cha loki bila hatari ya kuinama. Alafu mnaweza kwenda hadi karibu na Rugby bila loki nyingine.

Chaguo la pili ni mfereji wa Llangollen, kuanzia Cheshire kuingia Wales. Uzuri wake kwa msimu huu ni kwamba maji yake yanatoka mto Dee yanatiririka mwaka mzima, kwa hiyo kukosa maji ni nadra. Ni maili 46 na loki 21, na kuna daraja la maji la Pontcysyllte la mwaka 1805, boti inapita kwenye beseni la chuma mita 38 juu ya bonde, upande mmoja kuna njia ya miguu yenye uzio wa chuma, upande wa pili hamna kitu, unaangalia chini tu. Ni pazuri sana, ila ni mfereji wenye watu wengi Agosti, foleni za loki za Grindley Brook zinaweza kula nusu siku, na mama kama anaogopa urefu pale atakaa ndani amefunga pazia. Kwa mara ya pili, mwakani, nendeni. Na popote mtakapochagua, kabla ya kulipa someni taarifa za kufungwa kwa mfereji kwenye tovuti ya Canal & River Trust, maana hata mfereji wenye maji mengi tuta lake linaweza kubomoka, na muulizeni mwenye boti kwa maandishi: mfereji ukifungwa mnaturudishia hela yetu au mnatupatia njia nyingine?

Kuna jambo hukuuliza na kwangu ni kubwa kuliko loki. Usiku wa mwisho wa Agosti unaanza kuwa wa baridi juu ya maji, na mtu wa Tanga atasikia baridi kabla yenu. Msije mkawasha gesi ya kupikia ili kupasha joto, wala msiingize ndani jiko la kuchomea nyama hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Nyumbani wote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa asubuhi. Ni hewa ileile ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, na boti ni bomba refu la chuma lenye madirisha madogo. Matundu ya hewa msiyazibe na nguo. Kengele ya hewa hiyo lazima iwepo, bonyezeni kitufe chake siku ya kwanza msikie inalia. Mkianza kuumwa kichwa wote kwa pamoja, kichefuchefu, usingizi mzito, tokeni nje kwanza, kisha pigeni 999.

Maji ya mfereji yanaweza kuwa na mkojo wa panya, na panya wana ule ugonjwa tuliouita homa ya mgunda uliposumbua Lindi 2022. Hapa ni nadra, ila osheni mikono kabla ya kula, vidonda vifunikwe, watoto wasichezee maji. Mtu akipata homa na maumivu ya misuli wiki mbili tatu zinazofuata amwambie daktari aligusa maji ya mfereji, hata kama mama atakuwa ameshafika Tanga. Na kinyume chake, mama akipata homa akiwa hapa msiseme ni baridi tu, pigeni 111, namba ya ushauri wa afya, na mseme mapema kwamba katoka sehemu yenye malaria, daktari wa hapa anaweza asiiwaze.

Magoti yake: kuingia boti ni hatua moja ndefu kutoka ukingoni, alafu ngazi mbili tatu za kushuka, nyembamba na wima. Kwa hiyo kabla ya yote nendeni naye mahali wanapokodisha boti ya siku moja, ajaribu kupanda na kushuka. Akishindwa hapo mmepoteza siku moja badala ya wiki. Na wikendi hii, kabla hata mama hajafika, shemeji aende Hillmorton pale Rugby, kuna loki tatu na kila moja ina pacha wake, boti zinapita mfululizo. Asimame saa moja atazame, akikuta wale wa kujitolea wanaosaidia kwenye loki awaulize wamwonyeshe kizingiti, wanapenda sana kuulizwa. Kama hofu haitoki, kuna kozi ya RYA, chama cha waendesha boti cha Uingereza, ya kuendesha boti za mifereji, mwalimu mko naye ana kwa ana, na hiyo ni bora kuliko maandishi yangu yote haya.

Kila siku fungeni boti mapema, jua linazama kama saa mbili usiku na boti ya kukodi haitembei gizani. Mama awekewe kiti omo, mbele kabisa, injini iko mbali huko nyuma na kinachosikika ni maji tu. Sweta na kanga mbili.

Samaki wapo, na wengine wakubwa. Ila haki ya kuvua ni ya vilabu, kuanzia miaka 13 unahitaji leseni ya ndoano, na kawaida samaki anarudishwa majini akiwa hai, hapelekwi jikoni. Kwa hiyo samaki wa mama mnunue sokoni Coventry siku ya kuondoka, friji ya boti ni ndogo, mkaangeni usiku wa kwanza.